Siafu na Tangi Lililokosa Pumzi

Hii mkikataa kuiamini sitawalaumu. Hata mimi niliyeishuhudia hunibidi niilazimishe kuingia kichwani. Mpwa wangu, mchomelea mageti, aliunda ndege. Ndege kweli, ya kupaa, ndani ya banda lilelile anamotengenezea madirisha. Akili hizo zimetoka upande wangu, lakini tuyaache.

Tunamwita Siafu kwa kuwa hatulii. Ukimpa kiti anakizunguka. Chai huinywa akitembea, na mkewe anaapa kuwa hata usingizini miguu yake iko safarini.

Kilichomkosesha raha kuliko vyote ni kijibomba chembamba kinachotokeza chini ya bawa. Tangi la petroli hupumulia hapo: mafuta yakitoka, hewa lazima iingie, la sivyo injini itafyonza mpaka ikaukwe na koo. Sasa nyigu wa udongo wakakipenda kama nyumba ya kupanga. Siafu akiwakwangua asubuhi, jioni wamehamia tena. Mwishowe akaiba chujio la chai jikoni, akakata wavu wake, akaubandika mdomoni mwa bomba. Nyigu wakasusa. Akaipaka ndege nzima rangi ya bluu, ikang'aa, naye akawa hashikiki.

Mkewe akatoa sharti moja: injini iungurume kwanza chini, ndege imefungwa kamba kwenye kisiki. Ikikohoa hata mara moja, mtu hapai.

Ikaunguruma vizuri, Siafu ndani magoti yanamcheza kwa hamu. Mara ikakohoa, ikazimika.

"Ni mimi nimekohoa," akasema.

"Basi kohoa tena, mume wangu, nisikie vizuri."

Akashuka. Angeweza kusingizia petroli chafu. Angeweza hata kuifungua kamba apae, maana ilikuwa fundo moja tu. Akaizunguka ndege, akarudi, akaizunguka tena. Halafu akafungua kifuniko cha tangi, nalo likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka mtoni. Akainama chini ya bawa, akapuliza bomba hadi mashavu yakamvimba. Wapi! Rangi ile ya bluu ilikuwa imeziba kila tundu la wavu. Nyigu hawakuhusika, alijiziba mwenyewe.

Mkewe hakupandisha sauti. "Na ingezimika huko juu, ungezunguka wapi?"

Siafu akakaa chini. Nasema akakaa, matako ardhini, jambo ambalo ukoo mzima haujawahi kuliona.

Wavu ukang'olewa. Siku hizi ndege ikilala, bomba huzibwa kwa kizibo chenye mkia mrefu wa kitambaa chekundu, asiyekiona ni kipofu. Na kabla ya kupaa, mkewe hupuliza bomba kwa kipande cha mpira wa maji, Siafu kaweka sikio kwenye tangi, kisha wanabadilishana. Mkewe asiposikia hewa kwa sikio lake, hakuna safari.

Siku ya kwanza hewa ikapita. Kamba ikafunguliwa. Ndege ikakimbia, ikaacha ardhi, ikapita juu ya paa la banda, Siafu kwenye usukani, mkewe nyuma yake kashikilia kitambaa cha kichwa, nami nyuma ya mkewe nikiwaelekeza wapinde kushoto kukwepa wingu moja kubwa lililo—

"Mjomba," asema Siafu, anayechungulia begani kwangu ninachoandika, "ndege ina kiti kimoja."