Beseni Ukingoni mwa Shimo

Nilipokuwa mtoto pale Kasulo, mtaa wa wachimba madini, baba alichimba kobalti chini ya sakafu ya chumba chake cha kulala, na mama yake alilinda beseni la maji. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alitoka upande wa Upemba, kwenye chemchemi za maji ya moto. Aliamini kwamba nchi yote imelala juu ya nyoka wa moto. Akijinyoosha, milima hunyanyuka. Akijikunja, bonde huzama na mto Lualaba huhamia humo. Kila asubuhi aliliweka beseni ukingoni mwa shimo. Maji yakitetemeka, nyoka anageuka, basi aliye chini atoke.

Tabu ni kwamba maji yalitetemeka karibu kila siku kwa baruti za mgodi wa Mashamba. Ila huko walipiga king'ora kwanza, na Kambo akikisikia, moyo wake ulitulia. Baba alimcheka. Mimi niliogopa mno, sikutulia mahali. Hata nikila ugali, jicho langu lilikuwa kwenye beseni.

Jumapili moja maji yalitetemeka bila king'ora. Kambo akainamia shimo.

"We mwana, panda. Nyoka eko nageuka."

"Mama, ni kule Mashamba, beko napiga mine," baba akajibu kutoka chini, akimaanisha baruti.

"Leo dimanshi. Nani eko napiga?"

Baba akaendelea kugonga. Kambo akaliinua beseni, akammwagia maji yote kichwani.

Baba alipanda juu amelowa chapachapa, amefura kwa hasira, akaanza kumfokea mama yake mlangoni. Alikuwa bado anafoka shimo lilipoporomoka pamoja na nusu ya sakafu. Akakaa chini, akalia mbele yetu.

Leo nafundisha jiografia shuleni Kapata. Nawaeleza wanafunzi jinsi joto na mawe yaliyolainika huko chini kabisa yanavyoisukuma ardhi na kuivuta polepole, mpaka bonde la Upemba likazama na Lualaba ukapata njia. Nyoka simtaji. Wala sijui ni nini kilichotikisa maji siku ile. Huenda shimo lenyewe lilikuwa limechoka, limeanza kubomoka, na kutojua huko kunanisumbua mpaka sasa.

Kambo alishafariki. Baba anaishi kwangu, na kila asubuhi hulijaza beseni na kulitua sakafuni. Wiki iliyopita lori la madini lilipita barabarani, maji yakatetemeka. Tulijua kabisa kwamba ni lori. Tulitoka nje hata hivyo, mimi nimemshika mkono.