Mpira Nilioupiga Teke

Acheni niseme mapema: aliyeupiga ule mpira teke ni mimi. Miaka yote hii nimewaacha watu waamini vingine.

Ilikuwa enzi za ruksa. Serikali imeruhusu biashara binafsi, na duka langu la vipuri pale Ngarenaro lilikuwa limechanganya, nikaanza kujiona. Wakaniambia mambo makubwa siku hizi hayaongelewi ofisini, yanaongelewa kwenye gofu. Basi na mimi huyo, mtu mzima na kitambi changu, nikajifunza gofu kwenye uwanja wa zamani chini ya Mlima Meru. Ili upokelewe uanachama ilibidi ucheze raundi moja na wanachama wawili wakupime tabia. Gofu haina refa. Ukikosea unajitaja mwenyewe na kujiongezea pigo, na hicho ndicho walichokuwa wanapima.

Siku yangu nilipangiwa meneja wa benki na Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Arusha, mtani kupindukia. Tukaletewa makedi, wale wanaokubebea mfuko wa fimbo. Wangu akaja kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Jamani! Alikuwa baba yangu mdogo.

Huyu ndiye aliyenilea tangu baba afariki, nikiwa darasa la tatu. Walipompunguza kazi kiwandani alituambia amepata kazi ya kutunza ghala, nasi tukaamini. Nilipaswa kumwamkia palepale. Shikamoo, basi, neno moja! Lakini meneja alikuwa ananitazama. Nikasema, "Haya, twende." Naye, kwa kunisitiri, akajibu, "Sawa, bosi."

Aisee, alikuwa anaujua ule uwanja. Aliyeuchora hakuchimba sana. Alifuata mteremko ulivyo, akaacha kijito kikatize mbele ya shimo la tatu, akaibana njia ya la tano katikati ya miti mpaka ukiitazama mikono inalegea. Na grini zake, zile nyasi fupi kuzunguka shimo, zinadanganya macho. "Unaona panainamia kushoto," baba mdogo akaninong'oneza. "Usiyaamini macho. Hapa kila mpira unaukimbia mlima." Nikapiga kushoto nikiona kabisa nakosea. Mpira ukapinda taratibu ukatumbukia.

"Mangi!" Mhindi akapiga kelele, kama wanavyotuita sisi Wachaga. "Leo umekuja na mganga!"

Tukacheka wote, na baba mdogo akacheka. Kwa mashimo mawili hivi nilisahau kuona haya, nikawa nafurahi tu kuwa naye.

Shimo la saba mpira wangu ukaingia nyuma ya mgrevilea, ukajibana kwenye shina. Wenzangu walikuwa mbali. Nikausukuma kwa kiatu, hatua mbili hivi, ukakaa kweupe. Baba mdogo aliona. Akaniambia kwa Kichaga, chinichini, "Mwanangu, urudishe. Jitaje. Ni pigo moja tu."

Pigo moja tu! Nami nikachomoa fimbo.

Meneja akafika. "Mbona mimi niliuona ukiingia nyuma ya mti?"

Nikamgeukia baba yangu mdogo, nikamfokea mbele ya watu. "We kedi, nani kakutuma uguse mpira wangu?"

Baba mdogo akavua kofia. "Ni mimi, mzee," akamwambia meneja. "Nilitaka kumsaidia. Bosi hajui kitu."

Walimfukuza palepale. Akaushusha mfuko kwenye nyasi, polepole, fimbo zisigongane, akaondoka kwa miguu. Mimi nikaurudisha mpira nyuma ya mti, nikajiongezea pigo, na meneja akanipa mkono akiniita muungwana. Wiki hiyohiyo nikapitishwa.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake Sombetini. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Alinikaribisha kiti. Mkewe akaniletea chai, akanieleza kwa masikitiko kwamba kazi ya ghala imekwisha. Mkewe alipoingia ndani, baba mdogo akasogeza kigoda karibu yangu.

"Sasa wewe ni mtu wa mle ndani," akasema. "Niombee nirudi. Mgongo bado una nguvu, na mdogo wako hajamaliza sekondari."

Hakutaja mti wala mpira. Nikamwahidi, nikamshika na mkono.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa katibu wa klabu, nimevaa suti. Nilikuwa nimejipanga kusema yote. Nikaanza kwa mbali, nikamwambia yule mzee mliyemwondoa juzi mfikirieni tena, si mtu mbaya. Katibu akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwema, lazima niseme.

"Kedi anayesogeza mpira kwa hila hatuwezi kumrudisha hivihivi," akasema. "Lakini mwanachama anayemjua akimsimamia, hata kesho aje. Wewe unamjua?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye baraza meneja wa benki alikuwa anavaa viatu, akaniona, akanipungia mkono.

"Hapana," nikamjibu katibu. "Nilimwona siku ile tu."