Maneno Yangu Kwenye Televisheni ya Kitale

Mkicheka, chekeni. Mimi wa Kabuchai nilitaka ukatibu wa chama chetu cha wakulima, kwa hivyo mkutanoni Kitale nikajitolea kuunganisha laptopu na televisheni mpya ya ukumbi. Nikachomeka waya, na bana, picha ya shamba la mahindi ikatokea! Safi ajabu, hata ndevu za mahindi ungezihesabu. Juu yake yaling'aa maneno niliyoyachapa mwenyewe kuwaita wanachama wapige kura. Watu wakapiga makofi, kisha ukumbi mzima ukasimama. Nikainamisha kichwa kupokea heshima yangu.

Mama Wanjiru, mwenyekiti wetu, akanigusa bega. "Ndugu, kazi safi. Sasa sahani ziko wapi?"

Nikageuka. Televisheni ilisema, kwa herufi kubwa na safi ajabu: SASA NI SAA YA KULA.