Viatu vya Bi Kijakazi

Viatu vilikuwa vimewekwa pamoja, visigino ukutani, mwisho kabisa wa jukwaa la treni za kusini. Jokha aliviona kwenye skrini ya ofisi ya kituo cha treni za chini ya ardhi, akavitambua. Alivinunua mwenyewe sokoni Tottenham, wiki ambayo mama yake, Bi Kijakazi, alifika London kutoka Wete akiwa na ndara za plastiki katikati ya baridi.

"Vya mama hivyo," alisema.

Mahendra, msimamizi wake, mkaazi wa Tooting aliyezaliwa Kisumu, alikuwa ameshanyanyuka. Watu wa kazi ile wanajua viatu vilivyoachwa karibu na reli huwa vina maana gani. Alishika redio, akaagiza treni zisimame na umeme wa reli ukatwe. Kisha akamgeukia. "Jokha, wewe baki hapa. Tafadhali, dada."

Abaki? Nani angebaki? Alikwishatoka mbio.

Kituo kile Jokha alikijua kuliko alivyoijua Pemba. Pemba aliiacha mtoto wa miaka saba, kashikwa mkono na baba yake, baada ya zile ghasia za kisiasa za mwaka 2001. Mama alibaki na kichanga, wakaambiana atafuata. Hakufuata. Mara visa, mara maradhi ya bibi, kila mwaka na sababu yake. Msichana akakulia London, kwenye maghorofa ya kupanga ya halmashauri, akapata kazi kituoni, na mapenzi aliyokosa pa kuyapeleka akayashusha huko chini. Alijua kwamba hapo zamani lifti mbili kubwa ziliwashusha abiria hadi kwenye njia iliyopambwa vigae vya kijani. Zilipokuja ngazi za umeme, lifti zikang'olewa na njia ile ikafungwa. Siku za Vita vya Pili vya Dunia watu wakalala humo na watoto wao ubavuni, mabomu yakidondoka juu. Yote hayo Bi Kijakazi alihadithiwa juzi wakati wa chai, akasikiliza kimya, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo.

Leo alikuja ili warudi nyumbani pamoja, akashuka na bintiye mpaka kwenye jukwaa. Alasiri ilikuwa inakwisha, na majira haya magharibi haikawii kuingia. "Nnataka kuswali," alisema. Jokha, abiria wamemzonga, alimjibu bila kumtazama: "Si sasa, Mama! Kaa kwenye benchi unisubiri. Utaswali nyumbani." Kisha akamwacha hapo, akapanda ofisini.

Huko chini jukwaa lilikuwa tupu, abiria wamekwisha kuondolewa. Wafanyakazi wawili walikuwa wameingia kwenye handaki na tochi, na Jokha aliziona taa zao zikienda polepole juu ya reli. Zikasimama. Akaziba mdomo kwa mkono. Zikaendelea tena.

Aliinama akaviokota vile viatu. Soksi zilikuwa zimekunjwa vizuri na kutiwa ndani. Pembeni, sakafuni, palikuwa na maji, na chupa tupu imesimamishwa kando yake.

Mama ametia udhu!

Na mtu aliyekwisha kukosha miguu hutafuta pahala safi pa kusimama. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na mlango wa kijivu wa ile njia ya zamani. Hufungwa siku zote, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuusukuma. Jokha aliusukuma, ukafunguka. Mafundi wa rangi walikuwa humo asubuhi, na bila shaka walisahau kuufunga.

Bi Kijakazi alikuwa amesujudu juu ya kanga yake, kati ya vigae vya kijani. Jokha alinong'ona kwenye redio kwamba amempata, mzima. Alitamani kumrukia, lakini mtu hasemeshwi kwenye sala. Ikabidi asubiri, na kwenye mahandaki mamia ya watu wamekwama ndani ya treni. Mama hakupunguza hata herufi moja. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, ndipo akamwona.

"Umeingia saa ngapi wewe?"

"Mama, nilikwambia unisubiri kwenye benchi!" Sauti ilimpasuka. "Nlijua umejitupa relini. Nlijua ushaniacha!"

Bi Kijakazi alishangaa kweli kweli. "Alasiri ilikuwa inanitoka. Na si wewe ulonambia humu walilala watu na watoto wao? Nikaona patafaa." Akamvuta mkono. "Nikuache mimi? Walikuchukua na jino la mbele halijaota. Toka siku hiyo nakusubiri, Jokha. Leo nishindwe?"

Jokha alipiga magoti akamvisha soksi, kwani miguu ya mama ilikuwa baridi sana. Redio ikaita tena. Akaizima, akakaa chini sakafuni, ubavuni mwa mama yake.