Zoezi la Dagaa wa Masika

Zoezi la kwanza tulianguka, na tulistahili. Mimi nauza dagaa Musoma, nyumbani Kamunyonge, na shule niliiacha kidato cha pili. Kwa hiyo nilipopata nafasi kwenye kozi ya mtandaoni ya kutatua matatizo kwa vikundi, niliringa mpaka mtaa mzima ukajua. Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu: mimi, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyamuswa, na mama mmoja fundi cherehani wa Butiama. Hatukuwa tumewahi kuonana.

Kilichotuponza ni adabu. Mwalimu akituma faili kwenye grupu la kozi, tunajibu, "Nimepokea, asante sana mwalimu, Mungu akubariki." Fundi akituma video, naye tunambariki. Wiki tatu za baraka, na hakuna aliyefungua kitu. Kumbe mkufunzi wetu alikuwa anaona kwenye mfumo kila kinachofunguliwa. Akatuandikia bila kuficha: mkianguka na la pili, kozi imeishia hapo. Nililia, sioni haya kusema. Mtaani ningepita wapi?

Zoezi la pili likawa la dagaa: pangeni namna ya kuwakausha wakati wa masika wasioze. Dagaa! Nikasema hapa sianguki, labda ziwa likauke. Lakini bando la kutosha video nilikuwa nalo mimi tu, na simu ya fundi ilikuwa ndogo, mafaili makubwa inagoma.

"Tusomeane basi," fundi akasema. "Mimi nasikiaga vizuri kuliko kusoma."

Nikatazama video na kuwasimulia kwa ujumbe wa sauti. Mwalimu akasoma kurasa zote za mafaili ya zoezi kwa sauti yake ya darasani, neno kwa neno, hadi maandishi madogo chini ya jedwali la saa za kukausha. Fundi akajibu hapohapo.

"Mwalimu, hebu rudia pale chini. Umesema hivyo ni vipimo vya kiangazi? Si tumeulizwa masika sisi?"

Nilipiga kigelegele peke yangu sokoni, watu wakageuka. Nikawapigia wakaushaji wa Kiriba ninaonunua kwao, nikawauliza mvua zikianza wanatandaza vipi kwenye vichanja na wanafunika saa ngapi. Tukapanga saa zetu wenyewe.

Siku ya kuwasilisha, vikundi vingine vyote vilileta saa zilezile za jedwali. Walikuwa wamefungua kila faili, ila mstari ule waliuruka. Mkufunzi akauliza sisi tuliuonaje.

"Mimi sikuuona," fundi akasema. "Nilisomewa."

Tukapita, tena wa kwanza! Mkufunzi akaomba zile sauti zetu, na leo zimewekwa kwenye kozi pamoja na video na maandiko ya maprofesa. Mwanafunzi mpya akiingia, anafungua na kunikuta mimi, kwa sauti yangu hii ya kuitia wateja, nikimfundisha.