Jiwe Bapa Juu ya Shimo la Samadi

Mpaka leo nikiona mtu anajipenyeza chini ya gari, siangalii gari wala mtu. Naangalia ardhi. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi anatafuta sindano. Wacheke tu. Wao hawakuwapo siku ile kule Nkoaranga, enzi za Mjerumani, mimi nikiwa mwali ambaye hata miezi mitatu sijatimiza nyumbani kwa mume wangu.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa. Kazi hiyo aliipata kwa Makaburu, kwa kuzunguka nao na magari yao ya maksai, na mlimani kwetu hakuwa na mwenzake. Asubuhi hiyo nyapara wa setla mmoja alituletea uani gari la bwana wake, lile jepesi la kuvutwa na nyumbu, limeinama upande mmoja kama kuku aliyevunjika mguu. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Ni zile bamba za chuma zinazolaliana, na bila hizo bwana mkubwa angevunjika kiuno kwenye njia zetu za mawe. Nyapara akasema gari liwe tayari kabla jua halijazama, la sivyo hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano, jamani, kwa mzee mwenye mvi! Na aliyasema hayo huku anakula ndizi zetu.

Mume wangu alikuwa amechukuliwa kazi ya barabara upande wa Arusha. Mama mkwe alikuwa sokoni. Nilibaki mimi na mzee, na mbuzi mmoja mwenye pembe moja aliyefungwa kwenye mgomba.

Sasa uelewe adabu za ile nyumba. Mke wa mwana hasemi na baba mkwe mpaka azae, na hata akizaa anapitishia maneno kwa mtoto. Mimi nikiwa na neno nilimwambia mama mkwe, naye akalifikisha. Kumgusa mzee, hilo halikutajwa hata kwa mzaha. Dada yangu alirudishwa kwa baba yetu kwa sababu tu aliiruka miguu ya baba mkwe wake aliyekuwa amelala kivulini, na hakuolewa tena. Mimi nilimpenda mume wangu, nasema wazi, na sikutaka kurudishwa.

Nilikwenda mferejini kuchota maji. Niliporudi, gari lilikuwa limeshapandishwa na miguu ya mzee inachungulia chini yake, imejaa mafuta ya magurudumu mpaka kwenye vifundo.

Kusema haki, alifanya kila kitu alichofundishwa. Magurudumu yaliyobaki chini aliyazuia kwa mawe, mbele na nyuma. Jeki aliyopewa na Makaburu, ile ya mbao yenye meno ya chuma, aliitumia kupandishia tu, kisha akaiweka kando. Alikuwa na mazoea ya kusema peke yake akifanya kazi, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba anayelala chini ya jeki amejichimbia kaburi. Kwa hiyo ekseli aliikalisha juu ya gogo gumu, na gogo juu ya jiwe bapa. Bila shaka alilisukuma gari kwa bega kabla hajaingia, maana hakuacha kufanya hivyo hata siku moja. Lakini jiwe lile alikuwa ameliweka juu ya shimo la samadi.

Angejuaje? Kuzoa samadi ni kazi ya wanawake. Mwanamume wa kwetu anamjua ng'ombe wake mmoja mmoja, lakini mavi yao yanakwenda wapi hajui wala haulizi, ataonekanaje! Shimo lile tulilijaza mimi na mama mkwe mwezi uliotangulia, mzee akiwa safarini na Makaburu. Tukatandaza majani makavu ya migomba, tukafunika udongo, tukakanyagakanyaga. Juu kukavu, chini uji.

Jiwe lilikuwa limechomoza upana wa vidole vitatu. Mzee akagonga nyundo. Akagonga tena. Nikatazama, vikawa vidole viwili.

Nifanyeje? Jirani alikuwa ng'ambo ya korongo, na mpaka niteremke nipande, ndizi jikoni zingeiva. Nikamgeukia mbuzi.

"We mbuzi!" nikapaza sauti. "Ondoka hapo! Hapo pana shimo la samadi, utazama!"

Mbuzi, aliyefungwa hatua kumi kutoka pale, akanitazama huku anatafuna. Nyundo ikanyamaza. Chini ya gari mzee akasema, "Mbuzi, mwenye kazi ana kazi. Kelele baadaye." Nyundo ikaanza upya. Alidhani nagombana na mbuzi kweli, au alinielewa akanipuuza? Nilikuja kukaa naye miaka mingi na sikuthubutu kumuuliza.

Maji meusi yakaanza kuchuruzika ukingoni mwa jiwe. Harufu ile naijua.

"Jiwe linazama!" nikapiga kelele, machozi yananitoka. "Linazama, mbuzi mpumbavu we!"

Gogo likainama kidogo, ekseli ikalia. Nikautupa mtungi. Nikamshika mzee vifundo, vyote viwili, nikavuta. Mkono mmoja ukateleza kwa yale mafuta. Nikashika tena, nikarudi nyuma na nguvu zangu zote za kubebea samadi. "Nini!" akapiga yowe, mgongo ukiburuzika. Kichwa chake ndiyo kwanza kimetoka, gogo likapinduka. Gari likashuka kwa kishindo, na ekseli ikajizika pale pale kilipokuwa kifua chake.

Nikapiga magoti, nikajifunika uso. Gari sikulijali. Nilikuwa nasubiri kuambiwa nifunge mzigo wangu.

Mzee alikaa kwenye tope, anahema. Akamgeukia mbuzi.

"Mbuzi," akasema. "Pagumu ni wapi?"

"Penye kinu," nikamjibu mbuzi. "Wanawake wa nyumba hii wametwanga pale tangu zamani. Pamekuwa mwamba."

Tulihangaika kulitoa gari shimoni, yeye akinyanyua kwa jeki, mimi nikisukumia mawe na magogo. Tukahamisha kinu, tukalisogeza gari mpaka mahali pake. Safari hii hakuingia chini mpaka mbuzi alipoombwa apige mchi pale chini mara tatu, na mimi nikapiga, na mchi ukarudisha mlio mkavu. Muda wote alipokuwa chini sikulitoa jicho langu kwenye jiwe. Springi ikafungwa, jua likiwa bado juu ya migomba, na nyapara akarudi, akaondoka na gari bila asante.

Mama mkwe alirudi jioni. Akaliona shimo limefumuka, jiwe na gogo vimezama ndani. "Nani kahamisha kinu changu?" akauliza.

"Mbuzi," mzee akajibu.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama vifundo vya mumewe, ambako alama za vidole zilikuwa zimebaki kwenye mafuta, vidole vyembamba. Kisha akatazama mikono yangu, nami nikaificha nyuma, nimechelewa. Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, akachota majivu na maji, akaanza kunisugua mwenyewe, kwa ukali, mpaka ngozi ikauma.

"Nimemgusa, mama," nikalia. "Najua. Utanirudisha."

Hakuacha kusugua. "Ungemwacha afe kwa ajili ya adabu," akasema, "ningekurudisha leo hii hii."