Kicheko cha Mazishi ya Poko

Sali alikuwa wa kabila la Wasamo, ameolewa kwa majirani zao Wamosi, na kwa Wamosi Msamo ni mtani: asubuhi mnatukanana, mchana mnakula sahani moja, na msiba ukitokea yeye ndiye wa kuwachekesha waliofiwa. Alipika pombe ya mtama, na mdomo wake haukuwa na breki. Jirani yake Poko, mwanamke wa Kimosi, alimpenda kwa hilo.

"Siku yangu ikifika, mtumwa wangu, usikubali nizikwe kimya," Poko alimwambia.

"Nitalala mbele ya jeneza lako, we mla punda, mpaka wanilipe kuku."

Aliyemkosesha Sali raha ni mtoto wa Poko, Noaga, huyu ambaye baadaye alikuja kuitawala nchi kwa mkono wa chuma. Wakati huo alikuwa bado mtoto, kibogoyo wa meno ya mbele.

"Mtumwa, njoo unioshee vyungu," Sali alimtania kila alipopita. Watoto wengine walijibu, "Osha mwenyewe, mla vichwa vya mbwa." Noaga alimkazia macho tu, akaenda zake.

Babu yake Noaga alipofariki, Sali alivaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akachechemea uani akidai pombe kwa sauti ya mzee. Watu walicheka huku wakilia. Mara jiwe likampata kwenye paji la uso. Noaga alikuwa ameshika la pili.

Damu ya mtani haimwagwi. Wazee walitaka mtoto apige magoti aombe radhi mbele ya wote. Poko akalia: "Bado mdogo, dada." Sali akamwonea huruma.

"Mwacheni. Atakua, ataacha."

Neno hilo lilimnyima usingizi miaka mingi, maana Noaga alikua na hakuacha. Katika likizo za shule ya kijeshi aliwapanga wenzake mstari, na aliyecheka alichapwa. Siku moja aliteleza akaanguka topeni mbele yao. Hakuna aliyethubutu hata kutabasamu.

Poko alipokufa, Noaga alikuja akiwa kapteni, na askari nyuma yake. Sali aliogopa, tena sana. Hata hivyo alijifunga kitambaa cha Poko, akajilaza njiani mbele ya jeneza.

"Mla punda huyu hapiti mpaka mtumwa wangu anilipe kuku."

Hakuna aliyemtazama Sali. Wote walimtazama Noaga usoni. Naye akamwangalia mtani wake pale chini, akacheka kidogo. Papo hapo waombolezaji wote wakacheka. Akanyamaza, wakanyamaza.

Sali akainuka, akajikung'uta vumbi, wala hakudai kuku. Poko akazikwa kimya.